Unga wa Mayai: Jikoni na Ghalani

Yai la kuku likivunjwa bakulini, robo tatu ya kinachoonekana ni maji. Katika kila gramu 100 za yai lisilo na ganda, maji huchukua takriban gramu 75, protini 12 hadi 13, mafuta karibu 10, na kinachosalia ni madini, vitamini na sukari kidogo sana. Unga wa mayai ni yai hilohilo lililotolewa karibu maji yake yote, likabaki na unyevu usiozidi asilimia 5. Rangi yake ni ya manjano iliyopauka, na ukiushika unateleza vidoleni kwa sababu ya mafuta ya kiini. Trei ya mayai 30, ile ambayo abiria huipakata kwa hofu ndani ya daladala, ikikaushwa yote hutoa chini ya gramu 400 za unga. Zinaingia kwenye kopo moja ambalo halina cha kuvunjika.

Hata hivyo wepesi wa mzigo ni faida ya pili tu. Ya kwanza ni kwamba bakteria na kuvu haviwezi kuzaliana pasipo maji. Yai zima hulindwa na ganda lake, na mahali penye ubaridi hukaa wiki kadhaa. Likishavunjwa, ulinzi huo umekwisha, na katika joto la Tanga au Mombasa huharibika ndani ya saa chache. Kwenye unga, vimelea havina maji ya kutumia. Ila ieleweke vizuri kwamba kukosa maji huvizuia visiongezeke tu. Kuviua ni kazi nyingine, na tofauti hiyo ndiyo inayotawala karibu kila kanuni ya kutumia unga huu.

Kiwandani, mayai huoshwa, hukaguliwa mbele ya taa na kuvunjwa na mashine. Zile kubwa huvunja zaidi ya mayai 100,000 kwa saa, na zinaweza kutenga ute na kiini zikitakiwa. Uji wa mayai huchujwa ili kuondoa vipande vya ganda, kisha hupashwa moto kwa kiwango kinachoua vimelea bila kuuivisha. Hapo pana mtihani, kwa sababu ute huanza kuganda kwenye nyuzi joto 60 na kitu, karibu na joto lilelile linaloua bakteria wa salmonela. Uingereza, kwa mfano, iliweka sheria mwaka 1963 kwamba yai la majimaji lipashwe hadi nyuzi 64.4 kwa dakika mbili na nusu. Joto likipungua, vimelea vinasalimika. Likizidi, mitambo inajaa mayai ya kuvuruga.

Baada ya hapo uji hupuliziwa kwa shinikizo ndani ya chemba kubwa yenye hewa ya moto, ukiwa matone madogo kama ukungu. Hewa inayoingia huwa na joto la nyuzi 150 au zaidi, lakini tone lenyewe halifikii joto hilo: maji yanapotoka kwa kasi hulipoza, na kabla halijapata moto kamili limekwisha kuwa chembe ya unga inayoanguka chini. Maziwa ya unga yanayouzwa madukani hutengenezwa kwa njia hiyohiyo. Ipo pia njia ya kugandisha uji kwa baridi kali kisha kuyatoa maji yake kama mvuke katika mazingira yasiyo na hewa. Hiyo huhifadhi ladha vizuri zaidi, lakini ni ghali, na mara nyingi huishia kwenye vyakula vya wapanda milima na wanaanga.

Kuna hatua moja ambayo mlaji hawezi kuiona, nayo ndiyo iliyobadilisha zaidi ubora wa unga wa mayai katika karne iliyopita. Yai lina glukosi, si nyingi, chini ya nusu gramu katika gramu 100. Maji yakitoka, sukari hiyo hujikuta imebanana na protini, na viwili hivyo huanza kuungana polepole. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza muungano wa aina hii mwaka 1912. Ndio unaoupa mkate rangi ya kahawia na nyama ya kuchoma harufu yake. Ndani ya kopo la unga wa mayai haupendezi. Unga hubadilika rangi, hupata ladha chungu na harufu ya kitu kilichochakaa, na hukataa kuyeyuka majini. Dawa iliyopatikana ni kuiondoa glukosi kabla ya kukausha. Viwanda huuchachua uji kwa hamira, ambayo hula sukari hiyo, au hutia kimeng'enya kinachoigeuza kuwa kitu kingine. Ute, ambao una glukosi nyingi zaidi ukilinganishwa na ukavu wake, haukaushwi bila hatua hii.

Unga wa mayai unaouzwa ni wa aina tatu. Wa yai zima una protini karibu asilimia 47 na mafuta asilimia 40 hivi. Wa ute ni protini karibu tupu, asilimia 80 kwenda juu, na kwa kuwa hauna mafuta ndio unaodumu kuliko yote. Wa kiini una mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake, na ndani ya mafuta hayo mna lesithini, kitu kinachofanya mafuta na maji vikubali kukaa pamoja; ndiyo sababu watengenezaji wa mayonezi huupenda.

Sifa mbaya ya unga huu, kwa wale wanaoikumbuka au waliosimuliwa, ilitoka Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya vita nchi hiyo iliagiza mayai mengi kutoka ng'ambo, Denmark na Uholanzi zikiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa. Majeshi ya Ujerumani yalizichukua nchi hizo mbili Aprili na Mei 1940. Nafaka za kulishia kuku nazo zilikuwa zikija kwa meli, na nyambizi za Kijerumani zilikuwa zikizizamisha. Kuku wakapunguzwa ili nafaka iliyopo iliwe na watu. Ilipofika 1941 mgawo wa mtu mzima ulikuwa yai moja kwa wiki, tena likipatikana.

Marekani ilikuwa na mayai ya kutosha, ila nafasi melini ilikuwa adimu kuliko chakula chenyewe. Kusafirisha mayai mabichi kuvuka Atlantiki kulimaanisha kusafirisha maji na maganda, tena kwenye vyumba vya baridi vilivyohitajika kwa nyama. Kwa hiyo Marekani, ambayo kabla ya hapo haikuwa na viwanda vingi vya kukausha mayai na ilizoea kununua ute na kiini kikavu kutoka China, ilijenga viwanda kwa haraka. Unga uliotoka humo ulipelekwa Uingereza na Urusi ya Kisovieti kwa mpango wa msaada wa kivita ulioanza Machi 1941.

Katikati ya 1942 unga huo ukaanza kugawiwa katika nyumba za Waingereza. Pakiti moja ya aunsi 5, yaani gramu 140 hivi, ilihesabiwa kuwa sawa na mayai 12, na kwa muda mrefu kila mwenye kitabu cha mgawo alipata pakiti moja kila wiki 4. Mpishi aliyekuwa na mayai manne kwa mwezi akajikuta na kumi na sita. Wizara ya Chakula ilichapisha vikaratasi vya maelekezo na kutoa mafunzo ya upishi kwenye redio ya BBC: kijiko kikubwa kimoja cha unga, vijiko viwili vya maji, koroga, acha dakika chache, kisha tumia kama yai bichi na usichanganye zaidi ya unachohitaji.

Wengi hawakufuata. Waliozidisha unga walipata kimanda kigumu kama soli ya kiatu. Waliozidisha maji walipata kitu cha kuchuruzika. Tena unga wa miaka ile ulikuwa bado una glukosi yake yote, na pakiti iliyokawia ghalani au melini ilifika ikiwa imeanza kuharibika ladha. Utafiti wa wakati wa vita na wa miaka iliyofuata, mwingi ukiendeshwa kwa ajili ya chakula cha majeshi, ndio uliofanya kuondoa glukosi kuwe jambo la kawaida. Kuuhukumu unga wa leo kwa masimulizi ya 1943 ni kutoutendea haki. Na hata wakati huo watu waliunung'unikia huku wakiuhitaji: Februari 1946, serikali ilipoukata kwa kukosa dola za kuununulia, akina mama walikuja juu kiasi kwamba ilibidi urudishwe. Mgawo wa mayai Uingereza ulikwisha Machi 1953.

Kipindi hicho kiliacha somo lingine, zito zaidi. Mwaka 1947 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha ripoti kuhusu bakteria katika unga wa mayai na sumu ya chakula. Ilionekana kwamba aina kadhaa za salmonela ambazo hazikuwa zimezoeleka nchini humo ziliingia na unga kutoka Marekani. Uji wa wakati huo ulikaushwa bila kupashwa moto wa kuua vimelea kwanza, na salmonela waliokauka pamoja na yai walivuka bahari wakiwa hai. Mpishi alipotia maji na kuacha bakuli mezani tangu asubuhi hadi jioni, aliwaamsha wakazaliana. Sheria za kupasha mayai moto, ile ya Uingereza ya 1963 na ile ya Marekani ya 1970, zilikuja kuziba mwanya huo. Kwa unga wa ute, ambao hauvumilii joto ukiwa majimaji, viwanda huuweka unga mkavu kwenye chumba cha joto la nyuzi 54 au zaidi kwa siku 7 na kuendelea. Protini ikiwa kavu haigandi, bali vimelea hufa.

Siku hizi unga wa mayai hutengenezwa kwa wingi Marekani, Ulaya na Asia. Nchini India, jimbo la Tamil Nadu lina viwanda vinavyouza unga nje, jirani na mji wa Namakkal ambao mayai yake mabichi husafirishwa hadi Oman na nchi nyingine za Ghuba. Mnunuzi mkubwa wa unga ni kiwanda: biskuti, tambi, mayonezi, aiskrimu, keki za kuchanganya na maji. Kwa mwoka mikate mkubwa, gunia la unga lina faida ambayo kreti ya mayai haina. Halina ganda la kutupa, halitoi yai viza katikati ya mchanganyiko, na kipimo chake ni kilekile kila siku. Kwa hiyo watu wengi wanaosema hawajawahi kula unga wa mayai wameshaula na chai.

Jikoni, jambo la kwanza ni kipimo, na kipimo cha kuaminika ni mizani. Sehemu moja ya unga wa yai zima kwa sehemu tatu za maji kwa uzito hurudisha yai katika hali yake: gramu 12 au 13 za unga na gramu 37 hivi za maji ni yai moja la wastani. Kwa vijiko vya kisasa vya kupimia hiyo ni kama vijiko vikubwa viwili vya unga, vya kusawazisha, na viwili na nusu vya maji. Vijiko hutofautiana, na unga hushindiliwa au hujaa hewa kutegemea kopo lilivyotikiswa, ndiyo maana maelekezo ya Waingereza wa vita na ya Wamarekani wa leo hayalingani. Maelekezo yaliyo kwenye kopo lenyewe ndiyo ya kufuatwa.

Maji yawe ya kunywa, ya uvuguvugu au baridi. Ya moto hupika unga kabla haujayeyuka na kuacha madonge. Unga hutiwa maji kidogo kwanza, ukapondwa hadi uwe rojo laini, ndipo maji yaliyobaki yakaongezwa. Ukiachwa dakika tano, chembe hunywa maji sawasawa. Kwenye keki, maandazi au chapati za maji hakuna haja ya hatua hiyo: unga wa mayai huchekechwa pamoja na unga wa ngano, na maji yake huongezwa kwenye maziwa au tui.

Vyakula ambavyo yai huchanganyika humo likapotea ndivyo vinavyoupokea vizuri. Chapati za maji, maandazi, keki za siagi, kababu zinazohitaji kushikana, katlesi zinazochovywa kabla ya kukaangwa: katika hivi ni vigumu kwa mlaji kutambua tofauti. Kimanda chenye kitunguu, nyanya na pilipili hoho hukubali pia, ilimradi moto uwe mdogo, na chipsi mayai hustahimili kwa sababu chipsi na chumvi hubeba ladha kubwa. Yai tupu la kuvuruga ndilo linaloonyesha udhaifu wa unga. Huwa kavu kidogo na lina harufu hafifu ya kupikwa hata kabla ya kufika motoni. Hiliki, vanila na kungumanga huifunika harufu hiyo kwenye vitu vitamu.

Mkate wa mayai wa pwani ni habari nyingine. Huo huumuliwa kwa mapigo: mayai na sukari hupigwa hadi yaumuke na kuwa meupe, kisha unga wa ngano hukunjwa ndani taratibu, na hewa iliyonaswa ndiyo inayouinua. Kukausha hubomoa mpangilio wa mafuta ya kiini, na mafuta yaliyoachiwa huvunja povu, hivyo unga wa yai zima wa kawaida haupandi kama mayai mabichi. Anayejaribu atapata mkate mfupi na mzito. Afadhali abaki na mayai ya gandani, au aongeze unga wa ute na hamira ya keki akijua kwamba ametengeneza kitu kingine. Yai la kuchemsha na yai la kukaanga lenye kiini kizima, bila shaka, haviwezekani kabisa.

Unga wa ute una ustadi wake. Sehemu moja hutiwa sehemu saba za maji kwa uzito, hukorogwa bila kupigwa, na huachwa robo saa au zaidi mpaka utulie. Kisha hupigwa na kutoa povu imara. Wapambaji wa keki za harusi huutumia kwa urembo mgumu wa sukari ambao hauingii motoni, kwa kuwa ute mbichi wa gandani katika urembo huo unaweza kubeba salmonela. Hapo unga uliopashwa joto kiwandani ni salama kuliko yai la kuku wa nyumbani.

Unga wa mayai ukishatiwa maji uhesabiwe kuwa yai lililovunjwa. Hutumiwa papo hapo, au huwekwa kwenye jokofu na kumalizwa siku hiyohiyo, na chakula chake huiva hadi ndani. Kulamba kinyunga cha keki kwenye mwiko, tabia ya watoto wa kila nyumba, haifai kwa unga kama isivyofaa kwa mayai mabichi. Mtu mwenye mzio wa mayai naye hana nafuu. Protini zinazomdhuru zimo zote.

Kwenye uhifadhi, maadui ni wanne: unyevu, hewa, joto na mwanga. Unyevu huurudishia unga maji na kuufanya ushikamane. Oksijeni huchachisha mafuta ya kiini, na kwa kuwa mafuta ni karibu mbili ya tano ya unga wa yai zima, hilo ndilo linaloweka kikomo cha maisha yake. Joto huharakisha kila kitu, na mwanga husaidia mafuta kuchacha na vitamini A kupotea. Pakiti ya kawaida isiyofunguliwa, ikiwekwa mahali pakavu penye ubaridi, hukaa vizuri miezi kadhaa hadi mwaka. Makopo yaliyoondolewa hewa na kujazwa naitrojeni huandikwa na watengenezaji miaka 5 hadi 10, lakini miaka hiyo hupimwa kwa ghala la ubaridi. Stoo ya bati Dar es Salaam mwezi Februari haimo katika hesabu hiyo. Kwa nyumba za pwani, sehemu ya chini ya jokofu ndiyo ghala la unga wa mayai, na asiye na jokofu anunue pakiti ndogo.

Kopo likifunguliwa, saa huanza kuhesabu upya. Unga huhamishiwa kwenye chombo kikavu cha kioo au bati chenye mfuniko unaobana, kilichojazwa hadi karibu na mdomo ili hewa iwe kidogo, na kijiko kinachoingia kiwe kikavu. Kuufungua mfuniko juu ya sufuria inayofuka mvuke ni njia ya haraka ya kuuharibu. Ukitolewa jokofuni uachwe umefungwa mpaka baridi yake iishe, la sivyo hewa ya jikoni huacha matone ya maji ndani.

Kukausha mayai nyumbani, juani au kwenye oveni, hakushauriwi na wataalamu wa usalama wa chakula, na sababu ni ileile ya 1947. Joto la mashine za kukaushia za nyumbani na la jua huchukua saa nyingi katika kiwango ambacho salmonela hustawi, na mwishowe huwahifadhi badala ya kuwaua. Mfugaji mwenye mayai ya ziada ana njia nyepesi zaidi: kuyavunja, kuyapiga kidogo ute na kiini vichanganyike, na kuyagandisha kwenye friza kwa vipimo vya mapishi, ambako hukaa hadi mwaka.

Unga ulioharibika hujitangaza. Harufu ya rangi ya mafuta au ya samaki ni mafuta yaliyochacha. Rangi inayoelekea kahawia na chembe zinazokataa kuyeyuka ni protini iliyochakaa. Madonge yanayobonyea kwa unyevu ni maji yaliyoingia, na hayo huweza kuwa yamekwisha kuota kuvu kabla jicho halijaona. Huo hutupwa. Madonge makavu yanayovunjika kwa kidole na kuwa unga tena, yasiyo na harufu, ni ya kushindiliwa tu, na hupita kwenye chekecheo bila tatizo.